Masikio Yaliyoungua

Linah aliyaona masikio kabla hajamwona mwenye masikio.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo ya jikoni, asubuhi moja ya Februari mwaka 2007, amejikunyata ndani ya sweta kwa sababu ya ule upepo wa baridi unaotoka upande wa Elmenteita kabla jua halijapanda. Foleni ya uji ya kidato cha kwanza ilikuwa ikipita mbele yake. Vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa kipara, kwa amri ya shule, siku ile ile watoto walipofika na masanduku yao. Katikati ya foleni palikuwa na masikio mawili yaliyochomoza kama vishikio vya karai. Kingo zake za juu zilikuwa zimevimba na kuiva, na zimejaa malengelenge.

"Wewe. Toka kwa laini," alisema. "Kuja hapa."

Kijana akatoka. Aliitwa Zeddy, mtoto wa wakulima wadogo wa Mai Mahiu, mwili kidogo ndani ya sare kubwa iliyonunuliwa ili aikulie. Linah alimshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga. Lengelenge moja lilikuwa limepasuka, maji yake yamekauka na kuwa gamba la manjano. Lililofuata lilikuwa bado limejaa.

"Nani amekufanyia hii?"

"Hakuna mtu, Matroni."

"Ulianguka?"

"Hapana, Matroni. Imetoka tu. Jana ilikuwa inawasha, saa hii inachoma."

"Imetoka tu," Linah alirudia polepole.

Lugha hiyo aliijua. Yeyote aliyewahi kula mshahara wa shule ya bweni ya wavulana anaijua. Mtoto wa kidato cha kwanza huitwa mono, na mono hana mdomo. Akipigwa atasema ameanguka, akinyang'anywa mkate atasema hakuwa na njaa, na ukimuuliza nani amemvimbisha jicho atakuapia kwa mbingu na ardhi kwamba hakuna mtu. Huyo "hakuna mtu" ndiye mwanafunzi mtundu kuliko wote katika kila shule ya bweni ya nchi hii, na hajawahi kufukuzwa hata siku moja.

Mwaka uliotangulia Linah alikuwa amemwamini. Mono mmoja aliyeitwa Omolo alimjia akishika sikio, akasema ameanguka kutoka kitanda cha juu. Linah akampa Panadol na pamba, akamrudisha darasani. Ukweli ulipotoka, kwamba ni kofi la mkubwa mmoja wa kidato cha tatu, ngoma ya sikio ilikuwa imekwisha kupasuka na kuoza. Mama yake alipokuja kumchukua hakumtukana Linah. Alimuuliza tu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Swali hilo lilimkaa Linah kifuani mwaka mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Linah sasa hakuwa anaona ung'ongo, alikuwa anaona nyoka mwenyewe.

Alipita kwenye foleni akikagua sikio moja moja. Akamkuta mwingine. Akamkuta mwingine tena, na wawili waliofuatana, na mmoja aliyejifunga leso kichwani akisingizia meno. Karibu theluthi ya watoto walikuwa na malengelenge, wote mahali pale pale, ukingo wa juu wa sikio. Na kila aliyemuuliza alijibu vilevile: hakuna mtu, Matroni, imetoka tu.

Alirudi ndani ya stoo, akaketi juu ya gunia la maharagwe, akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, "Wanachomwa. Watoto wa watu wanachomwa masikio."

Wanachomwa na nini? Jibu lilikuja kabla swali halijaisha, na lilipokuja, Linah alitamani lirudi lilikotoka. Bweni la kidato cha kwanza lilikuwa na pasi moja ya umeme. Pasi hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amemwazima kapteni wa bweni hilo ili apige sare yake pasi, na kapteni wa bweni hilo alikuwa Kipngeno, mwanawe wa kumzaa.

Kipngeno alikuwa kidato cha nne, mrefu, mkimya, kijana wa kunyoosha kitanda chake hata akiwa nyumbani. Walikuwa na makubaliano yao wawili tangu siku aliyojiunga na shule, wenzake walipoanza kumcheka kwamba ni mtoto wa matroni: kutoka kwenye geti la nyumba za wafanyakazi kuingia shuleni, Linah ni Matroni, kutoka kwenye geti hilo kuingia nyumbani, ni Mama. Kipngeno hakuwahi kuyavunja. Hata siku ile ya malaria, alipomtapikia Linah juu ya viatu katika chumba cha wagonjwa, alisema, "Pole, Matroni." Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu asiyeonekana nyumbani ila kwa bahati, alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwenye vibanda vya chai vya Mai Mahiu hadi wenzake wakaikariri.

Linah alikwenda bwenini moja kwa moja. Pasi ilikuwa ndani ya sanduku la mwanawe, imefungwa kwa taulo, na ilikuwa bado na joto. Aligusa ncha yake kwa kidole. Akaifikiria ile ncha kwenye ukingo wa sikio la mtoto. Aliinusa, na akaapa moyoni kwamba amesikia harufu ya ngozi. Ilikuwa harufu ya wanga wa kola, lakini mtu akishaamua kuona, huona.

Kipngeno alikuja akikimbia, kofia yake ya kapteni mkononi. Makapteni peke yao ndio walioruhusiwa kuvaa kofia shuleni, kofia pana za turubai, na walizitunza kama nguo za Krismasi.

"Umewafanya nini hao watoto?"

"Watoto gani, Matroni?"

"Usinichezee. Masikio yao."

Uso wa kijana ukabadilika. "Niliona. Waliniambia zinawasha, nikadhani ni viroboto. Nikawaambia wakuje kwako. Wakaogopa kuitwa mama's boys."

"Na hii pasi mbona iko moto?"

"Si nimepiga shati asubuhi?"

"Niangalie kwa macho, Kipngeno."

Akamtazama bila kupepesa, na Linah, badala ya kuona unyofu katika kutopepesa huko, akaona ukaidi.

Mtu asije akasema kwamba hakuteseka. Alisimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kwa muda mrefu, akazunguka hadi kwenye bomba la maji, akarudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kila alipotaka kugeuka alimsikia yule mama mwingine: na wewe ulikuwa wapi? Akaingia, na jina la mwanawe akalitaja kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwalimu mkuu, Bwana Kimaiyo, mtu wa tai fupi na sauti ndefu, aliweka kalamu chini. "Matroni, una uhakika? Huyu ni mtoto wako."

"Ndiyo sababu nina uhakika, Mwalimu. Mimi nawezaje kumsingizia?"

Hoja hiyo iliwatosha wote wawili. Mama akimshtaki mwanawe, ni nani mwingine wa kumtetea?

Mamono waliitwa mmoja mmoja ofisini. Walibembelezwa, walipewa biskuti, walitishwa, wakabembelezwa tena. Hakuna mtu, sir. Imetoka tu, sir. Kadiri walivyozidi kukana ndivyo Bwana Kimaiyo alivyozidi kutikisa kichwa. "Huyu kijana amewatisha vibaya," alisema. "Hata mmoja hafungui mdomo." Jioni hiyo alitangaza kwamba mkosaji akijitokeza mwenyewe na kuomba msamaha mbele ya shule, atarudishwa nyumbani wiki mbili, basi. Asipojitokeza, atafukuzwa, na polisi wataitwa.

Linah alimchukua mwanawe nyumbani, akamkaangia mayai, akaketi mbele yake mezani.

"Weri," alimwita, kwa lugha ya kwao, jina la kumwitia mtoto wa kiume unayempenda. "Kiri. Omba msamaha yaishe."

"Mama, sijafanya."

"Wote husema hivyo."

"Wote akina nani?"

"Wote, Kipngeno. Nimefanya hii kazi miaka kumi. Wiki mbili si kitu. Utarudi, utasoma, mtihani ni mwisho wa mwaka. Ukifukuzwa sasa ni shule gani itakuchukua, form four, na jina la kuchoma watoto?"

"Kwa hivyo niseme nimechoma watoto."

"Nataka umalize shule."

Kijana alilisukuma lile yai kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga kelele uwanjani, kelele za kawaida za mpira.

"Nikisema hivyo, utafurahi?"

"Nitapumua," Linah alisema. Na ulikuwa ukweli mtupu, Mungu amsamehe.

"Sawa," Kipngeno alisema.

Asubuhi alisimama mbele ya paredi, kofia mkononi, akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni kwamba ni yeye aliyewachoma mamono masikio kwa pasi, na kwamba anaomba msamaha. Shule nzima ilizomea. Katika mstari wa mbele Zeddy alianza kulia, akasema, "Sir, si yeye. Sir, hakuna mtu." Bwana Kimaiyo alimnyooshea mkono. "Mnaona? Hata sasa bado anamwogopa."

Walipokuwa ofisini, Linah akitoa leso ajifute, mwalimu mkuu alifunga mlango. Alisema suala hilo sasa limemzidi kimo. Alidhani kijana angekiri watoto wawili watatu, na sasa mwenyewe amekiri wote, mbele ya shule nzima. Wazazi wakisikia watakuja na mawe. Bodi itakaa Ijumaa, na yeye atapendekeza afukuzwe.

"Lakini ulisema wiki mbili," Linah alisema.

"Nilisema kabla sijasikia."

"Mwalimu, ni mimi nilimwambia akiri. Kwa sababu ya neno lako."

"Na ulifanya vizuri, Matroni. Mama wengine wangeficha."

Linah alitoka nje na hakukumbuka baadaye alipitia njia gani. Alijua tu kwamba alijikuta jikoni ameshika mwiko, na mpishi anamuuliza mara ya pili kama chumvi imetosha. Alikuwa amemchukua mwanawe kwa mkono na kumpeleka mwenyewe mahali pa kuchinjiwa, na sasa wachinjaji walikuwa wanamshukuru.

Hadi Ijumaa ifike, kijana alipewa adhabu. Alinyang'anywa kofia, akanyolewa kipara kama mono, akapewa jembe na sururu achimbe shimo la choo kipya pembeni mwa uwanja, kutoka chai ya asubuhi hadi jioni. Uwanja huo haukuwa na kivuli hata cha kutosha kuku. Mwalimu mkuu alikuwa ameumwagia udongo mweupe wa Kariandusi ili kuzuia matope ya masika, na jua likipanda, ule weupe ulirudisha mwanga usoni hadi mtu akafumba jicho moja. Hapo hapo uwanjani ndipo kidato cha kwanza walipokuwa wakisomea tangu wafike, wameketi chini mbele ya ubao ulioegemezwa ukutani, kwa kuwa madarasa yao mapya yalikuwa bado yanangoja mabati.

Kwa kuwa wenzake waliapa kumwonjesha pasi naye, Linah ndiye aliyemlinda. Kila asubuhi alimpeleka shimoni. Kila jioni alimrudisha nyumbani na kumfungia katika chumba cha nyuma chenye dirisha la vyuma, ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba. Pasi aliifungia kabatini. Kijana alikula alichopewa, akaosha sahani, akalala. Hakununa wala hakulia. Laiti angelia, Linah angejua la kufanya.

Mara moja, akipita na karai la nguo, aliwaona wakiwa pamoja: Kipngeno ndani ya shimo, Zeddy akimwinamia pembeni na kumpa maji kwenye kikombe cha plastiki. Mtoto yule alichungulia nyuma kama mwizi, akangoja kikombe, akakimbia. Linah alisimama. Mtu hampelekei maji aliyemchoma, moyo ulimwambia. Lakini kichwa kikajibu upesi kwamba hofu humpelekea mtu hata chakula, na Linah akaendelea kwenda kuanika nguo.

Ijumaa ikafika. Linah alipiga shati jeupe pasi, kwa pasi ile ile, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Kipngeno alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo, anajikuna sikio.

"Acha kujikuna, vaa hii," alisema. "Wanakaa saa tatu."

Kijana akageuka, na mwanga wa dirishani ukampiga ubavuni mwa kichwa.

Ukingo wa juu wa sikio ulikuwa umevimba. Ulikuwa umejaa malengelenge madogo, yamepangana, mengine yamejaa maji na moja limepasuka. Sikio la pili lilikuwa hivyo hivyo. Linah alishika fremu ya mlango. Akili ilikataa, ikarudi kutazama, ikakataa tena, na mdomo, kwa mazoea yake ya miaka kumi, ukauliza peke yake:

"Nani amekufanyia hii?"

"Hakuna mtu," Kipngeno alisema. "Imetoka tu."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Dirisha lilikuwa na vyuma. Pasi ililala kabatini kwake usiku wote, na shimoni hakuna aliyemkaribia mwanawe ila mtoto mmoja mwenye kikombe cha maji. Linah alijaribu kutafuta mtu wa kulaumu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe pale akamkuta "hakuna mtu" uso kwa uso, naye alikuwa kweli hakuna mtu. Mamono wote wale, mmoja mmoja, walikuwa wamemwambia ukweli mtupu tangu siku ya kwanza. Mwanawe alikuwa amemwambia ukweli mezani, juu ya sahani ya mayai.

Hakungoja saa tatu. Alimshika mkono, shati halijafungwa vifungo, akamburuta hadi chumba cha mikutano, akasukuma mlango bila kubisha. Bodi ilikuwa inakunywa chai. Alikuwapo Bwana Kimaiyo, na mchungaji mmoja, na Mzee Shantilal, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Nakuru aliyekuwa mwenyekiti, na wengine wawili.

"Naomba mtazame masikio ya huyu," Linah alisema.

Walitazama. Mchungaji aliweka mandazi chini.

"Wenzake wamemlipizia," Bwana Kimaiyo alisema.

"Wangepitia wapi? Nimemfungia kwangu, ufunguo ndio huu."

"Basi amejichoma mwenyewe kutuchanganya."

"Na nini, Mwalimu? Na kijiko cha ugali?" Linah aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani. "Mimi ndiye nilimshtaki. Mimi ndiye nilimwambia akiri, akakiri kitu hakufanya. Mimi ndiye nilimfungia. Kama kuna mtu anajua, ni mimi, na mimi nawaambia nilikosea. Hakuna mtoto amechomwa hii shule. Hii kitu inatoka yenyewe, na sijui ni nini."

Mzee Shantilal alivaa miwani, akaja karibu, akalitazama sikio la kijana kwa muda, mikono nyuma. "Moto nimeuona, niko na mafundi wa kuchomelea miaka yote," alisema. "Moto haukuwi hivi, kidogo kidogo hivi kama upele. Ngoja." Akatoa simu, akaongea Kigujarati. Binti wa rafiki yake, Daktari Simran, alikuwa daktari wa ngozi mjini.

Alifika kabla ya chakula cha mchana, mwanamke kijana mwenye haraka na mkoba mkubwa. Alimkagua Kipngeno, kisha akaomba kuwaona wengine, wakampeleka uwanjani. Kidato cha kwanza walikuwa wameketi kwenye ule weupe, vipara vinang'aa, wamekunja macho wakisoma ubaoni. Daktari alisimama pale pale. Aliutazama udongo, akaangalia juu, akaweka mkono kwenye paji la uso.

"Hawa wamekuwa wakikaa hapa tangu lini?"

"Tangu waripoti," Bwana Kimaiyo alisema. "Madarasa yanangoja mabati."

"Bila kofia?"

"Mono haruhusiwi kofia." Alikohoa. Huenda ndiyo mara ya kwanza aliyoisikia sheria yake mwenyewe ikitamkwa mchana kweupe.

Daktari alimwita Zeddy, akamgeuza kichwa huku na huku. "Ni jua," alisema. "Ni kitu kinajulikana. Inakuja kwa msimu, jua kali na asubuhi za baridi kama hizi, na inashika vijana, sana sana wavulana, kwa sababu masikio yao yako wazi. Haya yamechomoza ndiyo inaanza nayo. Inawasha, inatoa malengelenge, inakauka. Haiambukizi. Wiki mbili hivi itakuwa imeisha, haiachi alama. Watoeni kwa jua, wapeni kofia, nitawaachia dawa ya kupaka. Wengine mwaka ujao itawarudia, msishtuke."

Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa simu niliambiwa kuna kijana alikiri," daktari aliendelea, anafunga mkoba. "Sikuelewa. Alikiri nini? Jua?"

Zeddy alicheka, mtoto wa watu, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na wenzake wakacheka, na muda si muda kidato kizima kilikuwa kinacheka pale kwenye mavumbi meupe, kikishika masikio yake mabovu. Linah hakucheka. Alikuwa anamtafuta Kipngeno kwa macho. Alimwona peke yake kando ya shimo, ananawa mikono kwenye ndoo.

Mambo yalimalizwa siku hiyo hiyo. Bodi ilifuta kesi. Mzee Shantilal aliahidi mabati, na akayatuma. Bwana Kimaiyo aliitisha paredi, akasema kwamba imethibitika kitaalamu kuwa ni ugonjwa wa jua, kwamba kapteni anarudishiwa kofia yake, na kwamba wanafunzi wasiwe na tabia ya kukiri ovyo ovyo. Neno "samahani" halikupata nafasi katika hotuba hiyo. Shule nzima ilimpigia Kipngeno makofi, wale wale waliomzomea. Yeye alipokea kofia kwa mikono miwili na kurudi kwenye mstari.

Jioni alikuja nyumbani kuchukua nguo zake, arudi bwenini. Linah alikuwa amewasha jiko, amechemsha maziwa. Alimwomba aketi kidogo ampake dawa, na kijana akaketi kwenye kiti cha sebuleni, kichwa ameinamisha. Linah alichukua dawa kwa ncha ya kidole, akampaka polepole kwenye ukingo wa sikio, akihofia hata pumzi yake isimuumize. Hakuwa amemgusa mwanawe kichwa tangu alipokuwa mdogo. Alikuwa amesahau kwamba nyuma ya sikio la kushoto kuna kialama cheusi alichozaliwa nacho.

"Weri," alisema. "Nisamehe."

Kipngeno alikuwa anazungusha kifuniko cha dawa kati ya vidole.

"Kwa nini ulikubali kusema? Ungekataa. Hata mimi ungenikatalia."

"Ulisema utapumua."

Linah alijaribu kuendelea kupaka, mkono ukakataa. Alisimama nyuma ya kiti na kulia kimya kimya, kiganja mdomoni, na kijana akangoja, hakuharakisha, hakugeuka. Alipoona amemaliza, alimshikia kifuniko cha dawa akifunge. Kisha akainuka, akachukua begi lake na kofia, akaivaa kwa uangalifu isiguse masikio.

Maziwa yalikuwa yamefura jikoni. Mlangoni kijana alisimama, kwa heshima zote, kama alivyolelewa.

"Asante, Matroni," alisema, akatoka.

Na walikuwa nyumbani.